Sura ya Sita: Meza ya Kugeuzia

Mzee aliagiza aletewe glasi, rula na sarafu mbili. Tulikuwa barazani kwake Tandika, Temeke, jua limeshainama na kelele za sokoni zimeanza kupungua. Aliipindua glasi juu ya stuli, akalaza juu ya kitako chake rula ya plastiki ya mjukuu wake, kisha akaweka sarafu ya shilingi mia mbili ncha moja na ya hamsini ncha ya pili. Rula ikaanguka. Akaanza upya, safari hii akiisogeza ile nzito kidogo kidogo kuelekea katikati, ameshikilia pumzi. Rula ikatulia. Akaigusa ncha kwa kidole, nayo ikazunguka bila kuyumba mpaka ncha iliyokuwa ikitazama barabarani ikatazama mlangoni.

"Umeona, mwanangu? Hiyo tani mia. Watu wawili tu wanaisukuma."

Alianza kazi ya reli akiwa kijana mdogo, miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, enzi shirika likiwa la Afrika Mashariki nzima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchochea moto. Nilimwendea kumuuliza habari za moto, yeye akaona la maana zaidi ni kunieleza namna kichwa cha treni kilivyogeuzwa. Sura hii imetokana na mwelekeo aliouchagua yeye.

Kichwa cha mvuke kina mbele na nyuma, kama alivyo ng'ombe. Tangi refu la mvuke linatangulia, dereva na mchochezi wanakaa nyuma yake, na nyuma yao limefungwa gari la maji na kuni, makaa au mafuta. Kikienda kinyumenyume, lile gari la maji linamziba dereva macho, vumbi na masizi yanamrudia usoni, na mwendo inabidi upunguzwe. Kwa hiyo mwisho wa safari lazima kigeuzwe. Kwenye eneo kubwa unaweza kutandaza reli kwa umbo la pembetatu, kichwa kikaingia pembe moja, kikarudi nyuma kwenye ya pili na kutokea ya tatu kikiwa kimegeuka. Pasipo na nafasi, unachimba shimo la duara, unalijengea ukuta wa mawe au zege, unapitisha reli moja ya mviringo chini kandokando ya ukuta, na katikati unasimamisha mhimili. Juu ya mhimili huo unalaza daraja la chuma lenye reli mgongoni. Kichwa kinapanda darajani taratibu, dereva anakisogeza hatua kwa hatua mpaka uzito ukae sawasawa juu ya mhimili, halafu watu wanaikamata mipini ya pembeni na kusukuma.

Hiyo ndiyo meza ya kugeuzia. Naiita hivyo kwa sababu nataka neno ambalo msomaji ataliona kwa macho. Mahali penye vichwa vingi, njia zilitawanywa kuizunguka meza kama mbavu za mwavuli, kila njia ikaishia kwenye chumba chake cha kulaza kichwa, na vyumba vyote vikaezekwa kwa paa moja lililopinda. Hilo ndilo banda la duara. Ukisimama mezani unaviona vichwa vyote vimekutazama, kama ng'ombe zizini.

Ubora wa mpango huo ndio uliogeuka kuwa msiba wake. Meza ilipimwa kwa urefu wa kichwa fulani, na banda likapimwa kwa meza. Vichwa viliporefuka, meza ikawa fupi. Afrika Mashariki tunalijua hilo vizuri kuliko wengi, maana hapa ndipo vilipotembea vichwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuundwa kwa reli ya upana wa mita moja: Garratt za daraja la 59, thelathini na nne kwa idadi, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na tani 252. Garratt ina tangi la mvuke katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, ikapewa uwezo wa kwenda mbele na nyuma bila shida kubwa. Kisha ikaja dizeli. Kichwa cha dizeli hakijali kinatazama wapi. Siku mvuke ulipozimwa, meza ya kugeuzia ilibaki shimo, na banda la duara likabaki ghala lenye kuta zilizopinda ambazo hakuna rafu inayokaa sawa ndani yake.

Hapo ndipo ugumu wa kuhifadhi unapoanzia. Stesheni ya zamani ina saa ukutani, ina milango mirefu, kila mtu ameagana na mtu pale. Ukitaka kuivunja, watu watalalamika. Shimo la kugeuzia halikuonwa na abiria hata mmoja. Lilikuwa nyuma ya uzio, penye majivu na grisi, mahali pa fundi, mchochezi na kibarua. Mvua ikinyesha linajaa maji, mbu wanazaliana, watu wanatupa taka. Na daraja lake ni chuma safi, cha kupimwa kwa kilo. Anayeishi Dar es Salaam anajua safari ya chuma chakavu ilivyo fupi: mkokoteni, mzani, lori, tanuri. Ukipita Gerezani asubuhi na kusikia nyundo za mafundi wakikunja bati na vyuma kuwa majiko na vipuri, unasikia mji unaokula chuma kila siku. Siwalaumu mafundi hao, wengi wanafanya kazi ya heshima kubwa. Nasema tu kwamba kitu cha chuma kisicho na mwenyewe wa kukisemea hakikai mjini humu.

Na vitu vya reli vimekosa msemaji kwa sababu moja iliyo wazi ukiipanga miaka. Reli ya Kati ilianza kutandikwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Miaka miwili baadaye Wajerumani wenyewe walikuwa wakilipua madaraja yake wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Uingereza. Waingereza wakaitengeneza na kuiendesha kama reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, likavunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Likaja shirika letu wenyewe, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukaenda kwa kampuni ya TRL, wakati njia na majengo yakishikwa na kampuni ya RAHCO. Mwaka 2017 vyote viwili vikarudishwa chini ya TRC mpya. Katika kila makabidhiano, daftari la mali huandikwa upya. Mwandishi wa daftari anaona kichwa, behewa, nyumba, kiwanja. Shimo la duara lenye daraja bovu anaandika nini? Kwenye karatasi ni kiwanja chenye kasoro.

Sheria nayo haikulitazama. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Inalinda moja kwa moja majengo ya kale, lakini mwaka wake wa ukomo umewekwa ndani ya karne ya 19, kabla hata ya reli ya kwanza ya nchi hii, ile ya Tanga, iliyoanza kutandikwa 1893. Maana yake hakuna kipande cha reli Tanzania Bara kinacholindwa kwa umri wake peke yake. Mpaka waziri akitangaze kwa jina. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo inailinda milango ya mbao yenye nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Nafurahi kwamba milango inalindwa. Lakini fikiria: mlango uliochongwa mwaka 1935 una kinga ambayo karakana ya mwaka 1910 haina. Waliotunga sheria walikuwa wakiwaza Kilwa, Bagamoyo na magofu ya pwani, na walifanya vyema kuyawaza. Kazi ya kiwandani haikuhesabiwa kuwa ukale. Kwao, naamini, reli ilikuwa bado ni mambo ya leo.

Nilitembea tawi la zamani la reli kwa mguu, kutoka Kamata kupitia Buguruni kwa Mnyamani na Tabata Relini hadi Mabibo na Ubungo Maziwa. Ubungo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya kugawanywa, na tawi hili ndilo lililofikisha reli upande huo wa mji. Mwaka 2012, chini ya Waziri Harrison Mwakyembe, treni ya abiria wa mjini ilianza kupita hapa, na wakazi wakaiita kwa jina la waziri huyo. Upande wa Temeke TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ikaanzisha ya kwake kwenda Mwakanga. Njiani nguo zimeanikwa hatua chache kutoka kwenye mataruma, mama ntilie wanaosha sufuria, watoto wanajifunza kutembea juu ya reli wakiwa wamenyoosha mikono. Nilichokiona zaidi ni majina. "Relini." "Maziwa." Kiwanda cha maziwa hakimo tena vinywani mwa watu kama kiwanda, ila kituo kinaitwa hivyo. Kule kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, ukimwambia konda unashuka "Tazara", hakuulizi kama una safari ya Mbeya. Mji wetu huhifadhi kwa ulimi kitu ambacho mikono imekwisha kukiondoa. Ulimi nao una kikomo: mtoto wa Tabata anajua jina la kituo bila kujua kwa nini watu waliwahi kukiona kitu hicho cha ajabu kiasi cha kukifanya jina.

TAZARA ni hadithi tofauti na yafaa nisiichanganye. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, na ilianza na vichwa vya dizeli vya Kichina. Haikuzaliwa na moto. Upana wake ni milimita 1,067, wa Reli ya Kati ni 1,000, na kwa milimita hizo sitini na saba behewa la mmoja haliwezi kutembea juu ya njia ya mwenzake, ingawa zote mbili zimefika bandari moja. Kuna jambo moja la TAZARA ninalolipenda. Wataalamu wa Kichina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, na makaburi yao yanatunzwa, yanafagiliwa, yanatembelewa na viongozi. Kwa hiyo si kweli kwamba hatujui kuitunza kumbukumbu ya reli. Tunajua, pale anapokuwepo wa kuja kuuliza.

Nairobi wameuliza mapema. Makumbusho ya Reli ya pale yalifunguliwa 1971, bado shirika likiwa la nchi tatu, na lilipovunjika vilivyokuwa vimekusanywa vikabaki vilipo. Nenda siku moja usome majina ubavuni mwa vichwa. Garratt za daraja la 59 zilipewa majina ya milima, na moja iliyopo pale inaitwa Mount Gelai. Mlima huo uko kwetu, kando ya Ziwa Natron. Nyingine ni Mount Shengena, kilele cha Upare Kusini. Daraja la 30 lilipewa majina ya makabila, na namba 3020 inaitwa Nyaturu, watu wa Singida. Mpare, Mnyaturu na mtu wa Longido wakitaka kuliona jina lao limeandikwa kwenye chuma, wanapanda basi kuvuka Namanga. Siwaonei Wakenya wivu, nawashukuru. Bila wao, majina hayo yangeshayeyushwa zamani. Waganda nao wamefuata: mwaka 2022 stesheni ya zamani ya Jinja ilifunguliwa kuwa makumbusho ya reli.

Mbali zaidi, kuna mabanda ya duara yaliyopona, na inafaa kuangalia yaliponaje. Lile la Camden, London, lilijengwa 1846 hadi 1847. Baada ya takriban miaka kumi tu vichwa vilikuwa vimelizidi urefu. Likawa ghala la pombe kali kwa miongo mingi, kisha miaka ya 1960 likageuzwa ukumbi wa sanaa, na leo watu wanacheza muziki pale palipokuwa na shimo. Changhua, Taiwan, banda la mwaka 1922 lilipangwa kuvunjwa miaka ya 1990. Wapenzi wa reli na wenyeji wakapiga kelele mpaka likaachwa, na meza yake bado inazungusha vichwa mbele ya watalii. La Umekoji, Kyoto, lilijengwa 1914, mwaka uleule reli yetu ilipofika Kigoma; tangu 1972 limekuwa makumbusho, na vichwa vya mvuke vinawashwa humo hadi leo. Ukiyatazama yote matatu, hakuna lililoponyeshwa na uzuri wake. Moja liliokolewa na pombe, jingine na kelele, la tatu na kazi isiyokoma.

Sisi tunao ushahidi wetu wa hiyo njia ya tatu, nao unaelea majini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa masandukuni, ikashushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa juu ya Reli ya Kati kuelekea Kigoma. Ilizamishwa na Wajerumani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ilipona kwa sababu kijiji baada ya kijiji mwambao wa Ziwa Tanganyika kiliihitaji Jumatano ijayo. Upande wa pili wa mizani weka reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea na kuunganishwa na Mtwara. Mwaka 1962 ilifungwa na kung'olewa. Umri wake wote haukufika miaka kumi na mitano.

Nimefikia kuamini jambo ambalo nilipoanza kuandika nisingelikubali: kitu cha kale hakiuawi na kutelekezwa. Kutelekezwa hukichosha tu. Reli ya Tanga ililala bila abiria kwa zaidi ya miaka kumi, nyasi zikaota kati ya mataruma, lakini mwaka 2019 treni ilirudi Moshi na 2020 ikafika Arusha, kwa sababu kilichokuwepo kilikuwa bado kipo. Hatari kubwa ni siku pesa zinapofika. Mkandarasi anakuja na ramani mpya, anataka eneo safi ndani ya wiki mbili, na shimo linafukiwa kwa kifusi cha ukuta wake wenyewe. Sasa pesa zimefika. Reli ya kisasa imekwisha kutandikwa kandokando ya ile ya zamani. TAZARA nayo imewekewa mkataba wa mwaka 2025 wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC ili ifufuliwe. Naiombea ifufuke. Naomba pia kwamba kabla ya katapila kuingia kwenye yadi yoyote ya zamani, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, aingie kwanza mtu mwenye futi, kamera na daftari. Siku mbili zinatosha kwa yadi moja. Apime shimo, apige picha mhimili, asome jina la kiwanda lililochorwa kwenye chuma. Kitu kikibidi kiondoke, kiondoke kimeshaandikwa. Na orodha ya mnada ipite Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupita kwa dalali.

Na mtu huyo aambatane na mzee. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Chuma kina subira, aliyekisukuma hana. Kipimo cha shimo tunaweza kukipata kwenye picha za angani, ila hakuna picha itakayotwambia kwamba dereva alijua uzito umekaa sawa kwa kusikia sauti ya daraja ikibadilika chini ya miguu yake, au kwamba asubuhi ya baridi grisi ya mhimili ilikuwa ngumu na watu wawili wakawa wanne. Hayo nimeyapata barazani Tandika, juu ya stuli, kwa sarafu mbili. Nilimuuliza mzee kama kuna mtu aliyewahi kumfuata kumuuliza habari hizo. Akasema watu wa pensheni walimfuata, wakamuuliza tarehe ya kuajiriwa.

Baada ya safari za Dodoma kuanza mwaka 2024, nilipanda treni ya umeme, ile ambayo watu wameiita mchongoko kwa jinsi pua yake ilivyochongoka. Ina pua mbili, moja kila ncha, na kila pua ina chumba chake cha dereva. Mzee alikuwa ameniagiza kitu kimoja: tukifika niangalie watageuzaje. Nilibaki jukwaani Dodoma abiria wenzangu wakitoka, nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika? Wamegeuzaje?"

"Hawajageuza. Dereva amefunga mlango, amechukua begi lake, anatembea kwenda upande wa pili."

Alikaa kimya kwa muda. Nyuma yake nilisikia watoto wakicheza.

"Anatembea peke yake?"

"Peke yake, mzee."